Siku Muhuri Alipochagua Mashine

Kijiwe chetu kiko kwenye kona ambapo barabara mbili zinakutana bila kusalimiana, ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi lililofungwa kwa muda, na muda wenyewe ukasahau kurudi. Kuna benchi refu la mbao, kuna ndoo iliyopinduliwa kwa ajili ya wachelewaji, na kuna jiko la Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu ila hakuna anayethubutu kumwita vinginevyo. Kahawa yake ni nyeusi, chungu, na haina mjadala. Vitu vingine vyote hapa vina mjadala. Asubuhi hiyo mjadala ulikuwa umelazwa juu ya gunia mbele ya miguu yetu: mashine mbili za kutafutia metali ardhini, za mitumba lakini zimetunzwa, na Muhuri akizitazama kama mtu aliyeitwa kutambua mizigo yake stesheni na kukuta yote inafanana.

Muhuri ni mstaafu wa ofisi ya ardhi. Ni mtu safi, mpole, mwenye mwandiko ambao ungeweza kuuchapa kwenye noti. Lakini katika utumishi wake wote hakuwahi kuamua jambo. Alipendekeza. Alishauri. Aliwasilisha kwa hatua zaidi. Tangu astaafu hakuna wa kumwasilishia, na hilo limemkondesha mwili. Sasa amepata hamu ya kitu, hamu ya kweli, ya kutembea na mashine na kusikiliza ardhi. Nasi tulimwonea fahari, maana wengi wetu hamu ya mwisho tuliyopata ilikuwa ya usingizi. Tatizo ni kwamba mwenye mashine, daktari wa meno rafiki ya binti yake, alikuwa anapita kabla ya mchana. Muhuri achague moja, la sivyo zote mbili ziende kwa mteja mwingine.

MUHURI: Mama watoto kasema leo ndio mwisho. Nikirudi mikono mitupu, nirudi na barua ya ajira.

CHUMVI: Kwani umemkosea nini?

(Chumvi ni kinyozi. Jina lake linatokana na anachofanya kwenye kila habari inayopita mikononi mwake.)

MUHURI: Nimepanga viungo vya jikoni kwa alfabeti.

CHUMVI: Bizari mbele?

MUHURI: Bizari, iliki, karafuu, mdalasini. Kila kopo na lebo yake. Anasema alikuwa anajua kila kitu kilipo mpaka siku nilipovipanga.

SHANGAZI: Ana haki huyo mama. Mimi ungenigusia birika langu, ungelipanga na meno yako.

FUNDI REDIO: Tuache ndoa, turudi kwenye mashine. Mzee anahitaji ushauri wa kitaalamu.

Fundi Redio hutengeneza redio, kama jina linavyojieleza, na siku redio zilipopungua mjini alianza kutengeneza maoni. Yeye ndiye aliyezibatiza zile mashine. Moja ilikuwa na skrini, namba zinazobadilika, vitufe sita na uzito wa kutosha kuvuta bega. Akaiita Waziri. Ya pili ilikuwa na mkono mwepesi, sahani ya chini kama mfuniko wa sufuria, na kitufe kimoja cha kuzungusha. Ikipita juu ya chuma inasema "piii", basi, inarudi kimya. Hiyo akaiita Tarishi.

FUNDI REDIO: Tazama Waziri. Pitisha juu ya sarafu, anakwambia sabini na nane. Pitisha juu ya kijiko cha Shangazi, arobaini na mbili. Pitisha juu ya ufunguo, hamsini na tisa. Anajua!

SHAURI: Anajua nini? Hizo ni namba tu. Hata mimi nikikwambia hamsini na tisa, utasema najua?

(Shauri alikuwa karani wa mahakama. Hajawahi kukubali jambo bila kuuliza limethibitishwa na nani.)

FUNDI REDIO: Fungua mdomo.

SHAURI: Sifungui.

FUNDI REDIO: Fungua, bwana, kwa manufaa ya sayansi.

Shauri alifungua kidogo. Waziri akaletwa karibu na shavu lake, akapiga kelele na kuandika sitini na moja.

CHUMVI: Jino la chuma! Miaka yote hii alikuwa anatuambia ni la fedha!

SHAURI: Mashine imekosea. Napinga kielelezo.

MUHURI: Kwa hiyo Waziri ni bora?

FUNDI REDIO: Kwa maelezo, hana mpinzani. Lakini wewe ni mgeni kwenye mambo haya, mzee. Saa nzima ukiwa naye mkononi, bega litakuomba likizo. Na namba zikiwa nyingi, mgeni huwa anatazama skrini, anasahau kutazama anapokanyaga. Tarishi utamwelewa kabla kahawa haijapoa.

MUHURI: Kwa hiyo Tarishi ni bora?

FUNDI REDIO: Ila Tarishi hatofautishi. Sarafu, piii. Kizibo cha soda, piii. Kwake wote ni wananchi.

MUHURI: Basi ninapendekeza Waziri, bila kuathiri sifa za Tarishi.

SHAURI: Hilo si jibu, mzee wangu. Hilo ni dokezo la ofisini.

Muhuri alikubali kwa kichwa, bila kuudhika. Ni mtu wa kuelewa anapoelezwa alivyo. Tulimwongezea kahawa.

SHANGAZI: Na ukishaichukua, utaenda kutafutia wapi?

MUHURI: Hapo ndipo penye kazi. Niliwaza ule uwanja wa zamani wa mpira. Nikaenda ofisini kwetu, ofisini kwao siku hizi, kuomba kibali. Kijana wa dirishani akaniambia mwombaji anatakiwa kutaja vitu atakavyovikuta, idadi yake, na mahali vilipo.

CHUMVI: Kabla hujavitafuta?

MUHURI: Kabla. Nikamwambia, mwanangu, ningejua vilipo ningehitaji mashine ya nini? Akasema ndivyo sharti linavyosema. Nikamuuliza, ni nani huyo aliyeandika sharti la kipuuzi namna hii?

FUNDI REDIO: Akakutajia?

MUHURI: Akanionyesha sahihi.

Shangazi aliweka birika chini.

SHANGAZI: Yako?

MUHURI: Nilikuwa na sahihi nzuri sana enzi zile.

Tulicheka mpaka ndoo ikayumba, naye akacheka, na nilimpenda zaidi dakika ile. Si kila mtu anayekutana dirishani na mkono wake mwenyewe akaja kutusimulia.

CHUMVI: Lakini mzee, wewe ardhi umeitumikia. Hebu tuambie, huko chini kuna nini?

MUHURI: Kuna bikoni.

SHANGAZI: Ndiyo mnyama gani huyo?

MUHURI: Ni chuma kinachosimamishwa ndani ya saruji kwenye kona ya kiwanja, kuonyesha mpaka. Kila kiwanja kilichopimwa kina zake. Nimeandika "bikoni imeonekana mahali pake" mpaka kidole kikaota sugu. Hii hapa.

Akatuonyesha sugu. Ilikuwa sugu ya kuheshimika.

CHUMVI: Na ikoje kwa kuitazama, hiyo bikoni?

MUHURI: Iko… ina namba.

CHUMVI: Umewahi kuiona lakini?

MUHURI: Anayeiona ni mpima. Mimi naandika kwamba imeonekana.

Fundi Redio, ambaye hapendi mtu mwingine aongee muda mrefu, alikuwa amesimama na kuanza kuzunguka na Waziri. Kwenye benchi ikalia, maana miguu ya benchi ni ya vyuma vya kitanda cha zamani. Kwenye jiko ikalia. Kisha akafika kati ya benchi na jiko, mahali patupu, pa udongo mtupu uliokanyagwa na ndala zetu, na Waziri akapandwa na wazimu: thelathini na tano, kumi na nane, hamsini, ishirini. Akaweka Waziri chini, akachukua Tarishi, akaenda kule kule.

Piii.

Akaondoka, akarudi kutokea upande mwingine.

Piii.

FUNDI REDIO: Kuna kitu hapa.

Sijaona kijiwe chetu kikiamka vile tangu duka lilipofungwa. Hata Shangazi alisogeza kigoda.

FUNDI REDIO: Hii ni kebo ya simu. Za zamani zilipita chini kwa chini. Wakaleta minara, kebo wakaziacha.

SHAURI: Kebo ingelia kwa urefu. Hii inalia mahali pamoja.

FUNDI REDIO: Kwa sababu ni kiungo, ndugu yangu! Hapo ndipo kebo mbili zinaposhikana. Na nikuambie kitu, umeme mdogo haufi. Huko chini kuna simu ambazo hazijakatwa. Kuna mtu bado anasema "haloo, haloo, nakusikia kwa mbali".

SHANGAZI: Maskini.

CHUMVI: Acheni kebo. Hilo ni sanduku la mwenye duka. Nyie mlimwona akiondoka?

SHAURI: Tuliona mlango umefungwa.

CHUMVI: Mlango! Mtu hamkumwona. Kwa nini? Kwa sababu hakuondoka. Alikuwa anauza mabati, saruji na nondo, hivyo vyote angevifanyia nini? Amejijengea chumba cha chuma chini ya duka, kimekuja mpaka hapa. Ana kitanda, ana bomba la maji. Anatusikia. Mnafikiri kwa nini kahawa ya Shangazi haipoi haraka? Ardhi ina joto la mtu!

SHANGAZI: Kahawa yangu haipoi kwa sababu nina makaa.

CHUMVI: Hayo makaa yanasaidiwa.

SHAURI: Mimi nitasema kwa uangalifu, na mniwie radhi kama nitagusa mtu. Iliwahi kupotea pale mahakamani mizani ya chuma. Ilikuwa kielelezo kwenye kesi ya mfanyabiashara aliyepunja. Mizani ikapotea, kesi ikalala. Haikufa, sikilizeni vizuri, ililala. Ikipatikana, inaamka. Na yeyote atakayeonekana amesimama karibu nayo ni shahidi. Tutaitwa. Tutaahirishwa. Tutaitwa tena. Wajukuu zetu watarithi tarehe ya kusikilizwa.

FUNDI REDIO: Sasa mizani iliyotoka mahakamani imefikaje hapa?

SHAURI: Ndilo swali la kwanza watakalotuuliza.

Basi wakaendelea. Kebo ikaungana na nchi jirani, kisha na meli iliyozama. Mwenye duka akapata mke humo chini na mtoto anayeanza kutambaa. Mizani ya Shauri ikapata wenzake: magari mawili ya polisi na kabati zima la mafaili. Kila nadharia ilipoongezeka, mmoja wao alichukua mashine na kuipitisha tena ili kuthibitisha, Tarishi akasema piii, na wote watatu wakahesabu kwamba wameshinda. Muhuri alikuwa akigeuka na kila msemaji, macho yanang'aa na yanaomba msaada. Nilimwona akitazama jua. Mara mbili alinyoosha mkono kwa Waziri, mara mbili akaurudisha gotini.

MUHURI (kwangu, kwa sauti ya chini): Nikikosea je? Nikachukua isiyofaa, nikaichoka wiki ya pili, nikarudi kukaa hapa moja kwa moja?

Nilimwambia hapa si pabaya.

MUHURI: Si pabaya. Ndicho ninachokiogopa.

Hapo ndipo daktari wa meno alipotokea. Isipokuwa Muhuri, hakuna aliyekuwa amemwona kabla. Ni mama wa makamo, mrefu, amevaa kofia pana na mabuti ya mpira yenye tope kavu, na alitutazama midomo kabla ya nyuso. Shauri alifunga wa kwake papo hapo na kwa muda hakuufungua, jambo ambalo Shangazi anasema halijawahi kutokea hapa mchana.

DAKTARI: Shikamoo, mzee. Shikamooni jamani.

MUHURI: Marahaba, mwanangu. Karibu, keti.

DAKTARI: Nimekaa kutwa nzima jana, acha nisimame. Haya, umeamua?

MUHURI: Tumefikia hatua nzuri.

DAKTARI: Yaani?

MUHURI: Kuna hoja kwa pande zote mbili.

Hapo wote wakamrukia kwa maelezo. Fundi Redio alimweleza kebo na zile sauti za haloo. Chumvi alimweleza familia iliyo chini. Shauri, akiongea kwa upande mmoja wa mdomo ili jino lisionekane, alimweleza hatari ya kisheria. Wakamwonyesha mahali penyewe, wakampigia piii yake. Daktari alisikiliza wote mpaka mwisho, kichwa kimeinama kidogo, kwa ule uvumilivu wa mtu anayelipwa kusubiri mwingine ateme. Walipomaliza, akauliza kwa upole kabisa:

— Na mlipochimba, mkakuta nini?

Nimekaa kwenye benchi lile miaka mingi. Nimesikia likinyamaza kwa ajili ya msiba, na mara moja kwa ajili ya mtoza kodi. Sikuwahi kusikia ukimya kama ule. Fundi Redio alitazama vidole vyake. Chumvi alifungua mdomo na, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakukuwa na kitu ndani. Shauri aliufunga tena wa kwake. Mimi nilitazama suruali yangu, iliyokuwa imepigwa pasi, nikaona aibu kwa ajili ya pasi. Shangazi alishika birika atuokoe na kahawa. Akaliinamisha, akaliinamisha zaidi, likatoa tone moja na pumzi.

SHANGAZI: Imeisha.

Tulikuwa tumesimama juu ya jibu asubuhi nzima. Hakuna aliyekuwa ameinama.

Muhuri ndiye aliyesimama. Goti moja lililia, la pili likafuata. Alikunja mikono ya shati, shati la ofisini lenye mfuko wa kalamu mbili, akaikunja sawasawa, pande zote kipimo kimoja.

MUHURI: Shangazi, niazime hicho kisepetu chako cha majivu.

SHANGAZI: Chukua, baba.

MUHURI: Na mnipe hiyo inayosema kitu kimoja.

Fundi Redio alimkabidhi Tarishi kwa mikono miwili. Daktari alimwambia neno moja tu: apitishe kwa urefu, kisha akate msalaba, na pale mistari inapokutana ndipo achimbe. Muhuri akapitisha. Piii. Akakata. Piii. Akaweka alama kwa kisigino, akatandika gunia, akapiga magoti mbele ya barabara mbili na watu wote waliokuwa wakipita, na akachimba.

Hakuchimba vizuri. Alichimba kama mtu anayefungua barua asiyotaka kuichana. Udongo wa juu ulikuwa mgumu kwa miaka ya ndala zetu. Chini yake ulikuwa laini, mweusi. Tukatoka kwenye benchi mmoja mmoja, tukamzunguka. Kisepetu kikagonga kitu kigumu. Akaweka kisepetu kando, akaingiza vidole, akapangusa.

Saruji, duara, upana wa kisahani. Katikati yake kichwa cha chuma, kimeshika kutu pembeni. Akakipangusa kwa mkono wa shati, ule alioukunja kwa uangalifu vile. Zikatokea namba.

Alizisoma polepole kwa sauti, moja baada ya nyingine, kisha akazipitia tena kwa kidole chenye sugu.

MUHURI: Kumbe zipo.

Akakipangusa tena kile kichwa cha chuma.

MUHURI: Zipo kweli. Miaka yote hiyo… kumbe kuna mtu alikuwa anakuja, anachimba, anaziweka.

Chumvi, ambaye angeweza kuiongezea habari ile chochote alichotaka, hakuiongezea kitu. Shauri ndiye aliyezinduka.

SHAURI: Usiing'oe, mzee! Kung'oa bikoni ni kosa!

MUHURI: Nani ang'oe? Nimeandika mimi kwamba ni kosa.

Akakaa juu ya visigino, mikono myeusi mpaka kwenye kunjo la shati, akatamka ile sentensi aliyoiandika mara zisizo na idadi. Safari hii aliitamka kama mtu anayetoa habari.

MUHURI: Bikoni imeonekana mahali pake.

Kisha akarudisha udongo, wote, akausawazisha kwa kiganja, akakanyaga kidogo. Daktari alimtazama akifanya hivyo na nikaona amependa. Akainama kumchukua Waziri.

DAKTARI: Huyu naondoka naye?

MUHURI: Ondoka naye. Nimeamua.

Neno hilo lilimshtua yeye kuliko sisi. Alisimama akilisikiliza kidogo, kama Tarishi.

DAKTARI: Nyuma ya kliniki yangu kuna kiwanja kilichokuwa bustani. Sijawahi kumaliza kukipitia kwa mashine. Ukitaka kuanzia huko, ni kwangu, nakuruhusu.

MUHURI: Kwa maandishi?

DAKTARI: Mzee, nimekwambia nakuruhusu.

Tulimwona akipigana na nafsi yake kwa kiasi cha pumzi mbili. Kisha akamrudishia Shangazi kisepetu, Shangazi akakataa, akamwambia akae nacho, majivu yatasubiri. Akaweka Tarishi begani, wakaondoka, mama mwenye mabuti mbele, yeye nyuma, shati limechafuka, wala hakulishusha mikono.

Sisi tulirudi kukaa. Tulikaa polepole. Fundi Redio alisema alijua tangu mwanzo kwamba haikuwa kebo, na tukamwacha. Chumvi alikuwa anakodolea macho pale palipochimbwa, kisha miguu ya benchi, kisha jiko, midomo ikicheza kama mtu anayepiga hesabu.

CHUMVI: Jamani. Ile si ndiyo kona ya kiwanja?

SHAURI: Ndiyo.

CHUMVI: Sasa benchi letu liko kwenye kiwanja cha nani?

Shangazi alilishika jiko lake kwa mikono yote miwili. Sote tukageuka. Mtu pekee mjini ambaye angetujibu alikuwa ameshavuka barabara, na alikuwa anatembea haraka.